Ufunguo wa Nyumba ya Igumila

Hapo zamani, mwanzoni mwa mwezi wa saba, walimu wanafunzi wawili waliripoti Shule ya Msingi Igumila kwa mazoezi ya kufundisha. Mmoja aliitwa Nyamizi, akapewa Darasa la Pili mkondo A. Mwingine aliitwa Sikudhani, akapewa mkondo B. Watoto wa darasa hilo walijua kujumlisha, lakini kutoa kuliwashinda. Mwaka huohuo wazazi walikuwa wamejenga nyumba ya mwalimu, ya bati, ya kwanza shuleni hapo. Kamati ya shule ikatangaza: atakayewafundisha watoto hawa kutoa, ufunguo ni wake. Akiwa mgeni, kamati itamwombea arudi afundishe hapo.

Desturi ya Igumila ilikuwa hii: mwanafunzi wa chuo akifika, mwalimu wa darasa humkabidhi chaki na kwenda zake. Walimu wakiulizwa, walijibu kwamba nao walianza hivyohivyo wakazoea. Walioshindwa hawakuwapo kuulizwa.

Mlezi wa Sikudhani, Mwalimu Ng'habi, alikabidhi chaki akaenda majarubani kupura mpunga. Mlezi wa Nyamizi, Mwalimu Kabula, naye alikabidhi chaki, lakini hakwenda popote. Alikaa dawati la nyuma kabisa, katikati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Wenzake walipita dirishani wakimuuliza kama mwaka huu atafaulu kuingia la tatu.

Siku ya kwanza Nyamizi alifundisha akiutazama ubao. Mwishoni akauliza, "Tumeelewana?" Darasa likaitikia, "Ndiyooo, mwalimu." Akafurahi. Akatoa zoezi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepata.

Kabula alingoja watoto watoke. "Usiwaulize kama wameelewa," alisema. "Hawa hata ukiwauliza kama wamekufa, watakuitikia ndiyo. Mpe mmoja afanye, wewe tazama mikono yake."

Jioni hiyo Nyamizi alilia, akafunga begi. Sikudhani akalifungua. Alisema yeye hana hata mlezi wa kumliza, kwa hiyo kila neno atakaloambiwa Nyamizi, amletee. Tangu hapo kila jioni mmoja alikuwa mwalimu, mwingine mtoto. Na Sikudhani alikuwa mtoto mkorofi. Siku Nyamizi alipofika kwenye arobaini na mbili kutoa kumi na saba, akasema mbili haitoshi, tunakopa kumi kwa jirani, Sikudhani aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, hiyo kumi iko wapi? Mimi naona nne."

Nyamizi akaeleza. Hakukubali. Akaeleza tena. Hakukubali. Mwishowe Sikudhani mwenyewe alikwenda kwenye mabua ya mtama, akakata vijiti, akavifunga kumikumi. Akafungua fungu moja, vijiti vikatawanyika sakafuni. "Sasa naiona," alisema.

Nyamizi akavipeleka darasani. Kabula, kutoka dawati la nyuma, alimwonya asifungue fungu yeye; afungue mtoto. Jioni neno hilo likamfikia Sikudhani. Kabla mwezi wa nane haujaisha, mikondo yote miwili ilikuwa inatoa.

Kisha mkufunzi wa chuo akaja kwa pikipiki, bila taarifa. Aliingia kwa Nyamizi. Akaona vijiti, akaona mtoto anafungua fungu, akaandika alama za juu. Akaingia kwa Sikudhani. Akaona vijiti vilevile, akaona mtoto anafungua fungu, akatoka kabla ya kengele.

"Umeiga," alimwambia barazani. "Hata aibu huna. Utarudia."

Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia chuoni, muhula hadi muhula, kwamba mwalimu bora hujifunza kwa mwenzake.

Nyamizi alisema vijiti ni vya Sikudhani, yeye ndiye aliyevibuni. Mkufunzi akamuuliza, kama ni hivyo, somo alilolipa alama lilikuwa la nani, na je, azifute alama hizo pia? Kutoka barazani pale nyumba ya bati ilionekana. Nyamizi akanyamaza.

Ng'habi alifika anahema, makapi ya mpunga kichwani. Akaulizwa kuhusu vijiti. Alijibu, bila kupepesa macho, kwamba mwanafunzi wake hakuwahi kumshirikisha lolote.

Ijumaa kamati ilikutana. Mwenyekiti, Mzee Lubango, aliweka ufunguo mezani. Watoto wakaitwa, wakapimwa, wakatoa. Ng'habi akasimama wa kwanza kudai nyumba, kwa kuwa ni mlezi wa mkondo B. Akaombwa amtaje mtoto mmoja tu wa mkondo huo aliyekuwa hawezi na sasa anaweza. Akakaa.

Nyamizi akasema, "Niliyesimama mbele ni mimi. Nilikwisha kufunga begi, nikabaki. Na alama za chuo ni zangu."

Sikudhani akasema, "Mimi sina alama. Lakini vijiti ni vyangu, na watoto wangu wanatoa kama wa Nyamizi. Yeye alikuwa na mlezi, mimi nilikula makombo ya mlezi wake. Na siku nilipomhitaji, mdomo wake ulifungika."

Kabula akasema, "Nisingekaa na mmoja, wote wawili wangeondoka. Hawa watakwenda zao. Mimi nitabaki na watoto hawa, na kila masika navuka korongo kuja shuleni, maji yakiwa kiunoni."

"Lakini mama," Mzee Lubango alimwambia, "miaka yote ulikuwa hapa, na watoto hawakujua kutoa."

"Miaka yote nilikuwa peke yangu, mzee. Dawati la nyuma hakuwahi kukaa mtu kwa ajili yangu."

Kamati ilipiga kura, haikuafikiana. Ikapiga tena, haikuafikiana.

Nyamizi alipata cheti. Sikudhani alirudishwa chuoni kurudia mwaka. Ng'habi alipangiwa mwanafunzi mwingine wa kulea. Mvua za kwanza ziliponyesha, Kabula alivuka korongo, na nyumba ilikuwa bado imefungwa.

Haya, ninyi mliosikiliza. Mmoja alifundisha, mmoja aliuliza, mmoja alikaa nyuma. Nyumba ni moja. Je, ufunguo ule nani aliustahili?