Fisi na Mtungi wa Njia Mpya

Hadithi hii alinisimulia kwanza shangazi yangu Mwasiti, siku tuliyokuwa tukipukuchua mahindi. Nami nawasimulia kama alivyonisimulia.

Hadithi inabisha hodi!

Ikaribie, iketi!

Hapo kale, kale sana, palikuwa na msitu usio na mwenyewe. Ulikuwa wa wote. Mababu wa wanyama walikwisha kusema: hapa haukatwi mti, hafukuzwi mtu.

Ng'ambo ya msitu kulikuwa na mahali pa kulamba chumvi. Kwenda huko wanyama walizunguka, nao walichoka kuzunguka. Basi mfalme Simba akamwita Fisi, akamwambia, "Tupangie barabara kubwa."

Fisi hakwenda msituni. Aliketi barazani, akachukua kijiti, akachora mstari mavumbini. Mstari ulinyooka, ukapita katikati ya msitu.

"Nyooka, njia, nyooka!" akaimba.

Nyani wakatumwa kupigilia vigingi. Kigingi kimoja wakakipigilia kando ya kiota cha Kware. Kware alikuwa akilalia mayai saba.

Kware alikuwa mpole, hajapata kusema mbele za watu. Lakini alikwenda kwa Fisi.

"Shikamoo, mjomba Fisi. Barabara yako inapita kwenye mayai yangu."

"Marahaba. Yahamishe."

"Mayai hayahamishwi, mjomba. Yakipoa yanakufa."

Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka. "Nchi nzima ikose chumvi kwa ajili ya mayai saba? Nenda zako, mama vifaranga!"

Siku ya baraza Kware akasimama.

"Mzee Simba, sina maneno mengi. Nauliza tu, mtungi je?"

Baraza zima likatazamana. Walikuwa wamesahau. Katika nchi ile, anayepanga njia mpya huipita yeye kwanza, amebeba kichwani mtungi wa maji ya kisima cha baraza. Akifika nayo, njia inafunguliwa. Yakimwagika, njia inahamishwa.

"Kweli," akasema Simba. "Fisi, beba mtungi."

Ilikuwa kiangazi, na maji ya kisima yalikuwa mekundu kwa udongo. Fisi akatwishwa mtungi, akaingia msituni. Wengine wakazunguka kwa njia ya zamani, wakamsubiri ng'ambo.

"Nyooka, njia, nyooka!" Akajikwaa kwenye mzizi. Maji yakamwagika kidogo.

"Nyooka, njia, nyooka!" Akateleza kwenye jiwe. Maji yakamwagika nusu.

"Nyooka, njia..." Siafu! Wakampanda miguuni, wakampanda tumboni. Fisi akarukaruka, na maji yote yakamwagika.

Akatazama huku, akatazama huku. "Nani ameniona?" Mbele yake palikuwa na chemchemi. Akajaza mtungi mpaka mdomoni, akaenda zake polepole.

Alipotokea, Nyani wakashangilia. Simba akachungulia mtungini.

"Fisi, tulikupa maji mekundu. Haya mbona meupe?"

"Udongo umetuama njiani, mzee."

"Utuame kichwani kwako, nawe unatembea?" Nyani wakaangua kicheko. Simba akaonja. "Tena ya baridi! Jua liko utosini. Umeyatoa wapi?"

Fisi akainamisha kichwa. "Kuna kichemchemi, mzee. Kidogo tu."

"Na barabara yako inapita wapi?"

"Juu yake."

Hapo bibi Tembo akapiga yowe. "Jamani, ndiyo chemchemi inayolisha mto wetu! Tungeifukia kwa mikono yetu, tulambe chumvi, kisha tunywe nini?"

Simba akashusha pumzi. Wote wakashusha pumzi. Akaamuru barabara izunguke msitu, na Fisi mwenyewe ang'oe vigingi vyote kwa meno yake, kimoja kimoja. Kware aliposikia kigingi cha kwake kinang'oka, alifumba macho, akalia kidogo, kisha akacheka.

Basi, wanangu, anayetaka kupasua njia katika ardhi ya wote aitembee kwanza kwa miguu yake, awasikilize wanaoishi humo, hata mwenye sauti ndogo.

Hadithi inaaga, inavaa viatu. Nani ananivuta nguo? Mnamuulizia Kware? Kesho yake asubuhi alinyoosha mbawa, akatoka, akala mchwa mpaka akashiba, maana kwa siku tisa, tangu kigingi kipigiliwe, chakula hakikumpita kooni. Kisha akarudi, akayalalia mayai yake, yote saba.