Goti la Nakijwa

Mniwie radhi mapema, jamaa. Hadithi hii huwa naisimulia vibaya: mwanzo naurukia, katikati naropoka, na mwisho hunikwama kooni kama mwiba wa perege. Lakini ninyi mmeshaketi nami nimeshasimama, basi tuvumiliane.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kwenye milima ya Upare, kulikuwa na mbio za milima mitatu: kilomita sitini za mawe, tope na miiba, zawadi mtamba mmoja wa ng'ombe. Njia ilionyeshwa kwa riboni nyekundu zilizofungwa mitini. Kila mkimbiaji alivaa filimbi shingoni, na sheria ilikuwa moja: ukiisikia imelia mara tatu, mwenzako ameumia, mwendee.

Walikuwapo marafiki watatu, Senkondo, Mrutu na Nakijwa. Nakijwa alikuwa na miguu ya swala na utani usio na breki. Mazoezini hupuliza filimbi mara tatu; wenzake wakigeuka kumwokoa, huchomoka kichakani akawapita.

"Poleni kaka zangu, nilikuwa naijaribu kama inalia."

Siku ya mbio ikafika. Mlima wa kwanza wakaupanda, wakaushuka. Mlima wa pili wakaupanda, wakaushuka. Mlima wa tatu, Senkondo akatangulia, akafika njia panda. Riboni ilikuwa kwenye mti wa kushoto. Senkondo alichunga mbuzi huko. Alijua mvua za masika ziliibomoa njia ya kushoto, inaishia korongoni. Akasimama. Kuihamisha ile riboni ni kazi ya kuhesabu moja mpaka kumi. Akasikia vishindo vya Nakijwa nyuma yake, na mtamba akamjia machoni.

"Kufunga riboni si kazi yangu," akajiambia. Akashika kulia.

Nakijwa akaja, akaiona riboni, akashika kushoto, akaporomoka. Goti likavunjika. Akapuliza mara tatu, na mara tatu tena.

Mrutu akaja, akaisikia filimbi, akacheka. "Leo hunipati, dada. Filimbi yako ikilia kushoto, njia iko kulia, hata riboni iseme nini."

Senkondo akashinda, akavishwa shada, akashikishwa kamba ya mtamba. Mrutu alipoingia, Senkondo akamuuliza, "Nakijwa umemwacha wapi?"

"Njia panda, huko kushoto. Anapuliza filimbi yake."

Hapo shada likamwia Senkondo zito kuliko milima yote mitatu. Wakarudi, wakambeba kwa machela ya fito.

Goti liliunga kombo. Nakijwa hakukimbia tena. Senkondo akampelekea mtamba.

"Anajua kukimbia huyu?" Nakijwa akauliza.

"Hajui, dada."

"Basi tumekuwa wawili. Mfunge pale."

Mpaka leo watatu hawa wakikutana hugombania lawama kama watu wanaogombania urithi. Senkondo husema, "Ni yangu. Niliona nikanyamaza."

Mrutu husema, "Ni yangu. Nilisikia nikacheka."

Nakijwa husema, "Niachieni mwenyewe. Nani aliyewafundisha kutoniamini?"

Sasa amueni ninyi. Ila ngojeni, kuna mtu wa nne nimemruka. Si niliwaambia nasimulia vibaya? Mfunga riboni. Mti wa kulia ulikuwa na siafu, akaifunga kushoto. "Watu wazima hawa," akasema, "wataelewa." Siafu hata mmoja hakumgusa. Kwa Nakijwa hajawahi kwenda. Goti lake ni zima, ndilo hili nililosimamia hapa mbele yenu nikiwauliza: je, nani alistahili lawama?