Jina Lililobaki Kooni

Niwape, nisiwape? Haya, tulieni.

Zamani hizo watu walijua kutafuna tu. Kupitisha kitu kizima kooni hakukuwa na jina. Likatokea zimwi lisilo na meno. Siku ya kwanza likapitisha kooni mbuzi mzima. Siku ya pili, ng'ombe mzima. Siku ya tatu likamkuta kisimani binti wa Bi Zuwena, jina lake Meza. Naye likampitisha.

Zuwena akaficha kisu nguoni, akalifuata. "Nichukue na mimi!"

Zimwi likapanua kinywa. Watu wakasikia sauti ya mama kutoka kooni: "Meza! Meza! Meza!" Kisha tumbo likapasuka kwa kisu. Ng'ombe akatoka hai, mbuzi akatoka hai. Meza akatoka amebebwa mikononi na mamake, baridi, hapumui.

Tangu hapo, kitu kikipita kooni bila kutafunwa, watu walitaja neno lile walilolisikia.

Asubuhi moja jirani alikuwa akimnywesha mwanawe dawa chungu. "Meza, mwanangu. Meza!"

Zuwena akaja mbio, anahema. "Yuko wapi?"

Jirani akainamisha kichwa.

Nami naishia hapo. Mliosikia, nyamazeni kidogo kwa ajili yake.