Mdomo Uliofunga Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya watu wasiokula. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri, maana hadithi hii hunitia hasira kila nikiisimulia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kichuguu cha mchwa. Desturi yao ilikuwa kulambana. Anayerudi kazini, hulambwa. Anayeugua, hulambwa na wote. Lapu! Lapu! Kila mmoja humeza chembe ya ugonjwa, hupata homa kidogo, kisha mwili wake huujua ugonjwa ule na kuushinda.

Mwatumu alikuwa mlezi humo. Mdogo wake, Tatu, alitoka kukata nyasi, akarudi na ukungu mweupe, ugonjwa wa kuua, umemwota mgongoni. Mlangoni akamkuta Askari Domo.

"Hupiti! Utatuua sote!"

"Kaka, nipishe. Dada zangu watanilamba."

"Kulambana ni uchafu!" Kwa! Akaziba mlango kwa kichwa chake.

Mwatumu akasikia kutoka nje: "Dada! Dada!" Damu ikamchemka. Huyu Domo! Taya kubwa kama koleo, lakini jani hawezi kulitafuna. Kila siku hulishwa mdomoni, na anayemlisha ni Mwatumu. Leo ndiye wa kumwacha mdogo wa huyo huyo afe nje!

"Fungua."

"Sifungui."

"Basi huli. Wenzangu, askari hali!"

"Hali!" wakaitikia walezi.

Jua likapanda. Tumbo la Domo, ngurrr! "Mwatumu, walau tone." Mwatumu akampa mgongo. Jua likashuka. Sauti ya Tatu ikafifia. Domo akaanguka kwa njaa, pu! Walezi wakapita juu yake. Lapu! Lapu! Lapu! Wakamlamba Tatu mpaka ukungu ukaisha. Homa ikawapitia, ikaondoka. Mwatumu akamlisha Domo, na ile chembe ya ugonjwa ikamwingia naye.

Masika yakaja. Ukungu ukaua wengi katika vichuguu vya jirani. Kwao hakufa hata mmoja. Domo akajipiga kifua mlangoni: "Mmeona? Nilifunga mlango, nikawaokoa!"

Yaani!

"Domo," Mwatumu akasema, "kinga uliyo nayo imetoka mdomoni mwangu. Mimi niliipata mgongoni kwa Tatu, ambaye ulitaka afe. Mwombe radhi, la sivyo huli."

Domo akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtetea. Jua likashuka, njaa ikamuuma. Akainama mbele ya Tatu. "Niwie radhi, dada."

Ndipo akalishwa. Na aliyemlisha ni Tatu.

Funzo ni hili: mgonjwa wenu msimfungie mlango, maana kwa kumuuguza nyote mnapata nguvu. Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu bado.