Sungura Alivyogombania Mkia

Mwaka huo jua lilikausha mpaka matope. Bondeni hapakusalia hata unyasi wa kuchokolea meno. Majani yalikuwa kisiwani tu, katikati ya ziwa. Sungura akaunda boti, akaifunga injini ndogo, akavuka. Kobe akamwiga, Ngiri akamwiga Kobe. Wenye boti wakishakuwa watatu, nini kitafuata kama si kushindana?

Simba, mfalme asiyeweza kuona wenzake wakifurahi bila yeye kukaa mbele, akajitia mwenyekiti, akaahidi paja la nyama kwa mshindi. Hata wasiokula nyama walilitaka, maana sifa haichagui meno.

Masharti yalikuwa mawili. Injini zote ziwe ndogo, na anayeshika mkia anaruhusiwa kubadilishana injini na mshindi, papo hapo, mbele ya wote. Basi nani angehangaika kuitia manjonjo injini ambayo kesho ni ya mwingine? Hata fukara alikuwa na tumaini. Boti zikaongezeka mpaka ufuko ukajaa. Kiboko naye akaleta yake, ingawa alipoipanda ilibaki pua tu juu ya maji.

Ndipo akaja Fisi. Akashinda, akashinda tena, akashinda mpaka ikawa inachosha. Na kila mara mkia ulishikwa na Bweha, binamu yake. Akiulizwa kama anataka kubadilishana, hujibu, "Nimeridhika na yangu."

Tangu lini Bweha akaridhika?

Wengine wakaanza kupandisha boti zao nchi kavu. Simba akaziona zimepungua, akanyoosha sharubu. "Mchezo umekufa huu. Mashindano yajayo msipojaa, ghuba hii naifunga. Nataka maji yatulie nijitazame."

Ghuba ikifungwa, hakuna kuvuka kisiwani, na hakuna kula. Sungura akawaendea wenzake mmoja mmoja. "Njooni mara hii tu. Mkiondoka na njaa, nilaumuni mimi."

"Utamshinda Fisi?" Kobe akauliza.

"Kuna haja gani ya kumshinda Fisi? Mimi namtaka Bweha."

Siku ikafika, boti zikajipanga. Fisi akachomoka kama aliyesikia harufu ya mzoga, wengine nyuma yake. Nyuma kabisa walibaki wawili, Bweha na Sungura, wakitambaa kama wanaopeleka posa wasiyoitaka.

"Ongeza mwendo," Bweha akasema. "Unanizibia."

"Pita, kaka. Mimi mgongo unaniuma."

"Leo na mimi mgongo unaniuma."

Kobe akawapita wote wawili, hakuwasalimu.

Walipokaribia mwisho, Sungura akanyoosha kidole ufukoni. Fisi alikwishakabidhiwa paja lake. "Kaka Bweha, hebu tazama kule. Nyama imekwisha. Sasa anaumaliza mfupa."

Bweha akainuka. "Mfupa ule ni wangu. Tuliagana, nyama yake, mfupa wangu."

"Mwambie yeye. Mimi mpita njia."

Mfupa ulikuwa bado mzima, lakini ni nani aliyewahi kumwamini Fisi na mfupa? Bweha akavuta injini kwa nguvu zake zote, akavuka mstari huku akitukana. Sungura akafuata taratibu, akashuka, akajipangusa mikono.

"Umekuwa wa mwisho leo," Fisi akamcheka. "Hata Kobe amekushinda."

"Ndiyo. Naomba injini yako."

Kicheko kikakatika. Fisi akageukia kiti cha mfalme. "Mzee Simba, hii yangu mbovu, nitamdhulumu mwenzangu."

"Sharti ni sharti," Simba akanguruma.

Ngiri akaifunua kwa meno yake. Bati la nje lilikuwa la injini ndogo. Ndani mlijazwa mtambo wa kukokota meli. Simba akaona haya, maana aliyempa mwizi nyama mbele ya kadamnasi ni yeye. Akasema ghuba haifungwi, wala hatazungumzia tena kujitazama.

Mtambo ule ukafungwa kwenye chombo kipana cha kuleta majani kisiwani, wakala wote. Msimu uliofuata boti zilikuwa nyingi mpaka zikaanza kwa zamu. Fisi alikuwemo, akiwa na kijiinjini cha Sungura, na nyuma yake Bweha akimdai mfupa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.