Chachu ya Lubaba

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi msokota kamba jina lake Wahb bin Sahl. Kamba zake ziliteka maji katika visima vya mji mzima, na subira yake ilitajwa msikitini kama watu watajavyo mvua njema. Alipofiwa na mkewe Lubaba, alimzika asubuhi, akaswali adhuhuri katika safu ya kwanza, na hakuna aliyeliona chozi lake. Watu wakasema huyo ndiye mja aliyeridhika na kadari ya Mola wake.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na bintiye Umayma, aliyekuwa ndiyo kwanza avunje ungo. Wahb alimpenda mno, na kwa kumpenda akakusudia kumwondolea kila kitu cha kumtonesha kidonda. Nguo za marehemu akazitoa sadaka. Mtoto alipolitaja jina la mamake, yeye alimwombea rehema kwa sauti ya chini, kisha akauliza habari za maji. Hata siku moja alipokuta jikoni chungu kidogo chenye donge la unga uliochacha, akawatupia kuku lile donge, akakisugua chungu kwa mchanga, akakirudisha mahali pake.

Hakujua. Wanawake wa mji ule, kila walipokanda mkate, walibakiza donge la kuchachushia mkate wa kesho, na la kesho likazaa la keshokutwa, hata chachu ikawa na umri mkubwa kuliko tanuri. Ile ya Lubaba ilitoka kwa mamake, akaja nayo siku ya arusi. Na tangu matanga yaanuliwe, Umayma ndiye aliyekuwa akiilisha unga na maji kila alfajiri, isife.

Alipokikuta chungu kitupu hakulia. Wahb akamshukuru Mungu, akidhani bintiye amerithi subira yake. Lakini tangu siku hiyo msichana hakugusa unga, kisha hakugusa chakula, kisha maneno yakamwisha. Akakonda hata bangili zikawa zinapanda hadi kiwikoni, na Wahb akaingiwa na hofu kwamba atazika tena.

Akaenda kwa jirani yake Bi Rayta, mjane aliyezika wanawe watatu, mwenye ulimi mkali na mkono wazi. Akamwomba aje amuusie mtoto subira.

Bi Rayta alikuwa akichambua dengu, wala hakuinua macho. "Nimuusie nini? Amekwisha kujifunza kwako. Kimya kama wewe, mkavu kama wewe. Mbona sasa walalamika?"

Wahb akajitetea kwamba alikuwa akimkinga tu.

"Umemkinga na mvua kwa kumtia kisimani. Na wewe, mwanangu, mkeo umemlilia wapi?"

Wahb akainama. Akakiri kwamba hulia karakanani, nguo ameibana mdomoni, ili mtoto asisikie.

Hapo Bi Rayta akauweka chini ungo wake. "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe mbele ya watu. Wewe umemzidi yeye kwa subira?"

Wahb alirudi nyumbani. Akamkuta Umayma kando ya tanuri lililopoa, akaketi naye chini, juu ya majivu. Aliketi kama mtu aliyeitwa mbele ya kadhi.

"Mamako Lubaba," akasema, "alikuwa akiimba akikanda, na sauti yake ilikuwa mbaya."

Machozi yakamtoka, na safari hii hakuyaficha. Umayma akamtazama.

"Nilidhani umemsahau, baba."

"Sijamsahau hata pumzi moja."

"Mbona basi uliitupa chachu yake?"

Wahb akaelewa. Maneno ya kujitetea yalimjaa kinywani, akayameza. "Sikujua, wala sikukuuliza. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Ndipo msichana akalia, kwa sauti ya kitoto, na babake hakumwambia nyamaza. Alimshika hadi kilio kikaisha chenyewe.

Kisha wakatoka pamoja na kile chungu kwenda kwa Bi Rayta, Wahb amekibeba mwenyewe, wakapita mbele ya msikiti watu wakimwona macho mekundu. Walipomweleza Bi Rayta, akacheka huku akijifuta uso.

"Tangu lini chachu ikakaa nyumba moja? Yangu ilikufa mwaka wa nzige, Lubaba akanimegea yake. Nusu ya mji huu inakula mkate wake." Akawakatia donge.

Jioni ile wakakanda wawili. Mkate uliungua upande mmoja, wakaula wakimtaja marehemu, mara wakicheka, mara wakilia. Lakini kabla ya kuoka, Umayma alikuwa amemega donge dogo, akalitia chunguni, akalifunika.

Mola amrehemu Wahb, aliyeona ni heri kuvunja sifa yake kuliko kuvunja moyo wa mtoto. Wako katika nyumba zetu vijana waliofiwa, nasi tunawasifu kwa ukimya wao. Tukaeni nao majivuni, tuwatajie majina ya wapenzi wao, na tuwaulize kilichomo chunguni kabla hatujakisugua.