Fisi na Maneno ya Maalim Shebughe

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa imetoka puani. Jivuteni karibu na moto, maana ngano hii sipendi kuisimulia huku mgongo wangu ukiwa gizani na ninyi mnasinzia. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya sasa. Hapo zamani za kale, enzi ambazo watu na wanyama walikuwa wakiamkiana njiani, palikuwa na kijiji mlimani, na humo aliishi mwanachuoni akiitwa Maalim Shebughe. Alisomesha watoto, alitunga mashairi ya dini, alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Barazani kwake alikaa kila aliyetaka kusikiliza, wakulima, wapita njia, kima, swala. Hata Fisi alikuwa akijilaza nyuma ya ua na kutega masikio. Maalim hakumfukuza. Alikuwa na mke, Bi Mwanamvua, na binti mmoja mdogo, Kibibi.

Asubuhi moja Maalim akafa. Wanawake wakamzunguka mjane, wakamuuliza swali ambalo kila mfiwa huulizwa: "Alisema nini mwishoni?"

Bi Mwanamvua akaona haya. Akafuta machozi, akasema, "Alisema, 'Nimewaachia radhi nyote, pendaneni.'"

Wanawake wakalia upya. Maneno yakatoka nje kwa wanaume, yakashuka bondeni, yakapanda mlima wa pili, na udongo wa kaburi haujakauka, fundi alikwisha kuyachonga juu ya mlango wa msikiti. Nawaambia ninyi tu: Maalim hakusema vile. Alisema neno jingine, na mkewe alilificha kwa aibu. Alidhani ni uwongo mdogo, wa heshima, na kwamba haumdhuru mtu.

Ikaja khitma. Desturi ya pale, baada ya dua, kila mwanamume aliyepewa neno na marehemu alisimama akalitoa. Kukaa bila neno ilikuwa fedheha, watu wangesema hukuwa mtu wake. Akasimama Mhando kinyozi: "Aliniambia, 'Mhando, hakuna kinyozi mwenye mkono wa baraka kama wako.'" Akasimama Mzee Singano, mkubwa wa kijiji: "Mimi aliniambia, 'Singano, nikiondoka, wewe ndiye wa kusikilizwa.'" Wakasimama wengine, na ajabu ni kwamba marehemu alimsifu kila mmoja wao, na kila mara hapakuwa na mtu wa pili karibu.

Ndipo akasimama Fisi huko nyuma, amevaa kanzu nyeupe, machozi yanamdondoka.

"Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, jua linakuchwa," alisema. "Aliniambia, 'Ndugu yangu Fisi, nikifa, wakupe mbuzi mmoja kila Ijumaa, upate kunikumbuka.'"

Mhando akamtazama Mzee Singano. Mzee Singano akautazama mkeka. Nani angemuuliza Fisi, "Nani mwingine alisikia?" Swali lile lingezunguka mkeka mzima.

"Kama alisema, alisema," akajibu Mzee Singano.

Nyuma ya pazia, moyo wa Bi Mwanamvua ukadunda. Akanyamaza.

Ikaja arobaini. Dua ikasomwa, wali ukaliwa, Fisi akasimama, safari hii mstari wa katikati, na tumbo limeshaanza kumtoka.

"Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, jua linakuchwa. Aliniambia, 'Ndugu yangu Fisi, nikifa, waambie wasifunge mazizi usiku. Kufunga zizi ni kumdhania jirani vibaya.'"

"Kama alisema, alisema," akajibu Mzee Singano.

Bi Mwanamvua alikuwa bado katika eda, hatoki mbele za wanaume. Akainuka kwenda jikoni amtume shoga yake akaseme kwamba hayo si maneno ya mumewe. Akakuta pua nyeusi imeingia kwenye dirisha la jiko.

"Shemeji," Fisi alisema taratibu, "siku ile nilikuwa nyuma ya ua. Nilisikia alichosema mwishoni. Ukifungua mdomo wako, na mimi nafungua wangu. Watu watayatazama yale maandishi ya msikitini kisha watakutazama wewe."

Moyo wa Bi Mwanamvua ukadunda. Akanyamaza.

Basi kijiji kikaingia katika mwaka mbaya. Mazizi yakaachwa wazi. Wakaisha mbuzi, wakaisha kondoo, ndama wakafuata. Watu wakawa wanalala wameegemeza vinu kwenye milango, na mama akimtuma mtoto mtoni alisimama kizingitini hadi arudi. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Ukimuuliza mtu, "Mwenzangu, kwani tunaliwa?" alikujibu, "Hatuliwi, tunatimiza wasia." Hivyo ndivyo walivyosema, na meno yakiwagongana.

Ikaja hauli, mwaka kutimia. Fisi hakukaa nyuma wala katikati. Alikaa mbele, bega kwa bega na Mzee Singano, na kanzu haikumtosha tena.

"Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, jua linakuchwa. Aliniambia, 'Ndugu yangu Fisi, mwaka ukitimia, mchukue binti yangu Kibibi ukamlee porini, akajifunze elimu ya huko.' Nitaondoka naye leo, tukishakula."

Mtu mmoja alikohoa. Macho ya Mzee Singano hayakutoka kwenye mkeka.

"Kama alisema..." akaanza.

Nyuma ya pazia, Kibibi alikuwa ameushika upindo wa nguo ya mama yake. Moyo wa Bi Mwanamvua ukadunda mpaka akausikia masikioni. Eda ilikwisha zamani. Akalifungua pazia, akatoka, akasimama mbele za wanaume, na mtoto nyuma yake.

"Niwieni radhi, baba zangu," alisema. "Mimi niliwadanganya. Mume wangu hakusema 'Nimewaachia radhi.' Asubuhi ile nilimpa uji. Akaonja, akasema, 'Mwanamvua, uji huu umeungua.' Akaweka bakuli chini, akaegemea ukuta, roho ikatoka. Niliona aibu. Mtu mkubwa vile, aage dunia na ladha ya uji wangu mbaya mdomoni. Nikamtungia maneno mazuri."

Fisi akatabasamu.

Kisha pembeni mzee mmoja asiyeona akacheka, cheko la kilio. "Huyo ndiye Shebughe," alisema. "Hata kwangu alikuwa hali chakula bila kukitia kasoro. Mwaka mzima mnamtaja hapa, leo ndiyo nimemsikia."

Mhando kinyozi akasimama, uso umemwiva. "Mimi hakunisifu mkono. Aliniambia nilimkata sikio." Akaketi, akalia waziwazi.

Mzee Singano alichelewa. Ilimuuma, ilionekana inamuuma. "Hakusema nisikilizwe mimi," alisema mwishowe. "Alisema nasema mno."

"Mnaona?" Fisi akasema. "Wote waongo, na wa kwanza wao ni mama huyu. Mtamwamini vipi leo?"

"Msiniamini," Bi Mwanamvua akajibu. "Sisi maneno yetu tumeyarudisha. Limebaki lako. Nani mwingine alilisikia?"

"Nimekwisha kusema. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye."

"Vyema. Nenda kaburini kamwite wa pili, aje athibitishe. Sisi na mtoto tutakungoja hapa."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Wanaume walikuwa wameinua macho kutoka mkekani, wote, kwa mara ya kwanza tangu khitma, na Mhando alikuwa anatafuta fimbo yake. Fisi akakusanya kanzu yake, akatoka kama mtu anayekwenda kutawadha. Hakurudi.

Jioni ile mazizi yakafungwa. Bi Mwanamvua akamlaza Kibibi kifuani, akamlilia mumewe kilio ambacho mwaka mzima hakuwa amekipata, kilio cha mtu aliyefiwa na mtu, si na mlango wa msikiti.

Ningependa kuwaambia kwamba Fisi alikufa njaa. Hakufa. Alivuka bonde, akapanda mlima wa pili, akasikia vilio: mtunga mashairi mashuhuri wa huko alikuwa amefariki asubuhi. Akapangusa vumbi kwenye kanzu, akaketi mstari wa nyuma kabisa, akajiliza kidogo. Kisha akatulia, akingojea mtu wa kwanza asimame aseme, "Marehemu aliniambia mimi peke yangu..."

Ngano yangu nimeitua hapo, sina zaidi. Mwenye zizi akalifunge.